Mji wa Kapteni Unabeba Watu Wangapi?

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini sikio lako halijazidi kuharibika, na kwamba mkaza mjomba bado anakuvumilia. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu utaitikia "eeh, eeh" mpaka mwisho, kisha utamuuliza mkeo nilisema nini.

Nina swali moja, na nataka jibu la fundi, si la mjomba. Ile kompyuta niliyoiacha kwenu chini ya rafu ya sebuleni ndiyo seva ya ule mchezo wa kujenga kwa matofali. Nyumba, barabara na milima yote ya mchezo imekaa humo ndani ya hilo boksi, na kila anayecheza huingia humo kupitia intaneti ya nyumbani kwako. Je, inaweza kubeba watu wangapi kwa mpigo bila kukwama?

Kuna kikundi changu kinataka kukutana humo Jumamosi ya tarehe 22, saa tisa alasiri. Nahitaji idadi kabla sijaalika watu. Usikisie, Mjomba. Pima.

Na tafadhali kiondoe kile kitambaa cha kufuma kilicho juu yake. Hapo ndipo inapopumulia.

Mpwa wako,
Mwalimu


Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Masikio yangu ni yale yale. Baada ya miaka thelathini ya kugonga mabomba ya chuma, moja limebaki la kusikilizia na la pili la kuning'inizia miwani. Kitambaa nimekiondoa baada ya mazungumzo marefu. Mkaza mjomba wako anasema kompyuta bila kitambaa ni kama mgeni aliyekaa sebuleni bila shati.

Mwanzoni nilishangaa. Wasomi wamejaa mjini, wewe unaenda kumuuliza fundi bomba habari za intaneti! Lakini nilipolifikiria swali lako, nikiwa nimelala chali chini ya sinki la mteja, nikaona ni swali langu kabisa. Nyumba ina bomba moja kutoka barabarani na koki kadhaa ndani. Mwenye nyumba anauliza niongeze koki ngapi kabla maji hayajaanza kudondoka tone moja moja. Si ndilo hilo?

Basi nikawapigia watu wa intaneti. Wakasema bomba letu ni mega ishirini. Nikamtazama mmoja wa watu wako aliyekuwa mchezoni, kwenye kile kidirisha ulichonionyesha, nikaona kwamba hata akihangaika vipi hapiti nusu mega. Gawa mwenyewe: arobaini.

Sasa sikiliza siri ya ufundi. Katika nyumba ya koki ishirini, hakuna siku koki zote ishirini zitafunguliwa pamoja. Huyu anaoga, yule kalala, mwingine katoka. Sisi tunahesabu theluthi tu. Kwa hesabu hiyo watu wako wangefika mia na ishirini, lakini mimi si mtu wa makuu. Andika arobaini, na nimekuachia nafasi ya kupumua.

Mjomba wako,
Fundi


Alhamisi, 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Arobaini! Sisi ni ishirini na wanne tu. Nimeshamwambia kiongozi wa kikundi, naye amezunguka chumba kizima akitangaza. Asante sana.

Ila nilipotulia nikajiuliza mambo mawili. Hiyo mega ishirini ni ya kuingia nyumbani kwako au ya kutoka? Seva kazi yake ni kutuma. Tena hawa watu wangu hawana tabia za koki. Wanaingia dakika moja na kusimama mahali pamoja, na akikimbia mmoja wanakimbia wote.

Tufanye jaribio Jumapili saa tisa, watu tisa tu. Wewe kaa karibu na kompyuta utazame.

Mpwa wako


Jumapili, 9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Keti kwanza.

Wa kwanza mpaka wa tano waliingia vizuri, nami nikajiagizia chai kama meneja. Wa sita alipoingia, feni ikaanza kuunguruma. Wa nane alipoingia, mkaza mjomba wako akatoka jikoni akauliza nani kawasha mashine ya kusaga. Wa tisa alipotia mguu tu, kila kitu kiliganda. Watu walitembea kinyumenyume. Mmoja alizama ardhini mpaka kiunoni akabaki hapo kama chipukizi. Wawili wakatupwa nje kabisa, na mmoja wao, anayejiita Kijiko, alirudi baada ya dakika kumi akaandika: "Nimefutwa?"

Nilicheka. Nikasema, rafiki za mpwa wangu ni watu wazima wenye shahada zao, mbona wanaandika kama watoto?

Sasa makosa yangu. Niliwapigia tena watu wa intaneti. Ishirini ni ya kuingia. Ya kutoka ni tatu. Tatu, Mwalimu! Miaka thelathini kazini, nimepima bomba la maji safi nikakuuzia kama ndilo la maji taka. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempokonya spana. Isitoshe, kompyuta ilikuwa inazungumza na ruta, kile kisanduku cha intaneti, bila waya, kupitia ukuta, na nyuma ya ukuta kuna tangi la maji nililoliweka mimi mwenyewe, lita elfu moja za kumeza mawimbi.

Kwa hali ilivyo, inabeba wanane. Chagua marafiki wanane unaowapenda zaidi. Waliobaki watakusamehe, watu wazima hao.

Mjomba wako,
aliyekuwa fundi


Jumatatu, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilikuficha jambo, na sasa naona limetugharimu.

Hawa si rafiki zangu wa chuo. Wale waliacha kucheza zamani. Hawa ni wanafunzi wangu wa wodini. Unajua nafundisha watoto waliolazwa muda mrefu. Kumi na wawili wako hapa, na kumi na wawili wamesharuhusiwa, wako makwao, kila mmoja na mji wake. Tangu mwaka jana wanajenga mji mmoja humo kwenye boksi lako. Nimewaingiza huko kwa sababu humo haingii mtu yeyote nisiyemwandika mimi. Sikukwambia kwa kuwa nakujua. Ungewaonea huruma, na idadi ingepanda kwa huruma. Nilitaka idadi ya fundi.

Kijiko ana miaka saba. Kila asubuhi muuguzi anabandika orodha ya majina kwenye mlango wa wodi. Jina likiondolewa, ama mtoto amekwenda nyumbani, ama, Mjomba, unaelewa. Kwa hiyo skrini ilipomwandikia kwamba hayumo tena, hakuwaza mambo ya intaneti. Alishuka kitandani akaenda mlangoni kuangalia orodha.

Aliyechora ramani ya mji ana miaka kumi na mmoja. Wenzake wanamwita Kapteni, na mimi pia namwita hivyo, maana nisipofanya hivyo haniitikii. Jumatatu ya tarehe 24 anaingia kwenye chumba cha peke yake kwa matibabu, wiki sita, na hata mama yake atamwona akiwa amevaa barakoa na glavu. Kabla ya hapo anataka waliojenga mji wote wasimame uwanjani pamoja, angalau mara moja. Ananiuliza kila siku, "Mwalimu, tutaingia wote?" Nami nikakuuliza wewe.

Siwezi kuchagua wanane.

Na kuna jambo la pili, hili linaninyima raha. Humo ndani kuna mtu nisiyemwandika. Watoto wanamwita Fuko kwa sababu hawajawahi kumwona. Kila wakitoka darasani wanakuta kachimba chini ya nyumba zao. Nimewakataza wasimjibu chochote. Unajua ameingiaje?

Mpwa wako


Jumanne, 11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Fuko ni mimi.

Nipige kofi la barua, kisha nisikilize. Uliponiachia mashine ulisema nisiizime. Mtu akikuambia usizime kitu, si utataka kujua ndani kuna nini? Siku moja nikajiandika mwenyewe, nikaingia. Nikakuta mji mzuri, una shule, soko, na mnara wenye saa isiyokwenda. Nikazunguka nyumba hadi nyumba. Mwalimu, hapakuwa na bomba hata moja! Majiko yapo, mabafu yapo, maji hakuna. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Nilidhani ni mji wa wasomi wavivu. Nikatoboa mfereji kutoka ziwani, nikapitisha chini ya barabara, nikaingiza maji kila nyumba. Nilikuwa naingia asubuhi baina ya mteja na mteja, kumbe ndizo saa zenu za darasa. Sikuandika neno lolote humo, na sitaingia tena mpaka uniruhusu.

Halafu ile chemchemi ya uwanjani, inayoruka juu na kushuka kila baada ya sekunde tatu. Ni yangu pia. Naionea fahari kuliko kazi yoyote ya maisha yangu halisi, na mkaza mjomba wako asisome hapa, maana bafu letu linavuja tangu mwezi wa tisa.

Leo nimejifunza jambo kuhusu hiyo chemchemi. Nilikaa mbele ya kompyuta, dunia tupu, hakuna mchezaji hata mmoja, na feni inalia. Nikashangaa, inamfanyia nani kazi? Nikaanza kufunga kitu kimoja kimoja, kama tunavyotafuta uvujaji: unafunga valvu moja, unatazama mita, unafunga nyingine. Nilipoifunga chemchemi, feni ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa la mama. Kumbe maji ya kwenye mchezo hayaanguki yenyewe kama maji ya Mungu. Kila tone likiruka, mashine inakokotoa liende wapi, kila sekunde tatu, usiku na mchana, mwaka mzima. Nusu ya nguvu yake ilikuwa inaogesha uwanja usio na watu.

Yaani aliyemtupa nje Kijiko ni mimi. Nimeifunga. Mwambie hakufutwa. Mwambie kuna fundi mmoja mzee aliyeacha koki wazi.

Nipe wiki moja. Safari hii napima kwa ndoo na saa.

Mjomba wako,
Fuko


Jumatano, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilikasirika kuanzia mstari wa kwanza mpaka "hapakuwa na bomba hata moja", kisha nikacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza. Nimekuandika rasmi kwenye orodha, ila kwa masharti: uingie mimi nikiwepo, na wakijua wewe ni nani.

Nimewaambia. Kijiko akasema, "Basi angefunga koki." Yamekwisha. Kapteni yeye aliuliza maswali saba. La mwisho lilikuwa kama nyumba yake ina maji ya moto.

Umebakiwa na siku kumi.

Mpwa wako


Jumanne, 18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie Kapteni maji ya moto yapo. Nilichimba tangu zamani, kabla ya masharti yako, kutoka kwenye ule mlima unaotoa moshi. Kwa sababu hiyo tu nilikuwa nimetoboa sebule ya jirani yake, namwomba radhi.

Sasa habari za kupima. Nilihitaji watu wa kufungua koki. Mkaza mjomba wako ana kikundi chake cha kushona, akina mama kumi na wawili, wote wana simu. Niliwaita sebuleni, nikawaingiza wote kwenye mchezo kwa majina uliyonikubalia, watoto wakiwa hawamo, na mambo yakaenda laini kama hariri. Nikaanza kujipongeza. Mmoja wao, karani mstaafu, akaniuliza, "Fundi, sisi tumo ndani ya nyumba. Haya maji yanapita kwenye bomba lako la nje kweli?" Nikatazama mita. Bomba la nje lilikuwa kavu kabisa! Nikawafukuza wote waende makwao, na chai hawakumaliza, jambo ambalo ninalisikia hadi leo.

Wakiwa makwao tukaanza upya, mmoja mmoja. Nilikuwa natuma ujumbe "fungua", anaingia, nangoja dakika tano kwa saa, naandika. Yako mambo niliyokuwa siyajui ambayo sasa nayajua, na siwezi kunyamaza nayo.

La kwanza, mtu aliyesimama hana uzito. Mtu anayekimbia kwenda asikojua ndiye anayeimaliza mashine, kwa sababu kila hatua anayopiga inabidi ichongwe milima ambayo haikuwepo. Bibi mmoja wa kikundi alipotea akielekea magharibi, na peke yake alikula sawa na wenzake watano. Basi nimeitembeza mashine nchi nzima kuzunguka mji na kuichonga mapema, nikaweka ukuta wa kioo mpakani.

La pili ni la mkaza mjomba wako. Alinitazama nikihangaika akasema, "Kwani lazima kila mtu aone mpaka mwisho wa dunia?" Nikamwambia haelewi mambo haya. Baada ya nusu saa nikapunguza umbali wa kuona hadi ukingo wa uwanja, na mzigo ukashuka kwa zaidi ya theluthi. Nimemwomba radhi kwa maandishi, alitaka maandishi.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi kwa utamu wake. Nilidhani watu sita wakitumia kiasi fulani cha bomba, kumi na wawili watatumia mara mbili. Sivyo! Wakikusanyika mahali pamoja, kila mmoja lazima apewe habari za kila mwenzake: fulani kainua mkono, fulani karuka. Watu sita, kila mmoja ana wenzake watano, hizo ni habari thelathini. Watu kumi na wawili ni habari mia moja thelathini na mbili! Watu wameongezeka mara mbili, habari zimeongezeka zaidi ya mara nne. Nimefunga mabomba maisha yangu yote, sijawahi kuona koki inayotaka kujua koki nyingine zinafanya nini.

Nimetoboa ukuta, kompyuta sasa ina waya wake hadi kwenye ruta. Hesabu ya bomba la kutoka, nikiipandisha kwa mwendo huo, inafika ishirini na nne. Ishirini na wanne wanakaa, na bomba linabakiwa na upenyo kidogo. Wa ishirini na tano anajaza mpaka ukingoni, na akiruka mtu mmoja tu, panamwagika.

Hakuna huruma ndani ya hiyo idadi, Mwalimu. Nimeipima mara tatu.

Mjomba wako,
Fuko


Jumatano, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ishirini na nne! Nilisoma nimesimama. Nimeshaziandikia familia kumi na mbili, na zote zimekubali.

Mimi sitaingia. Nitakuwa wodini nawatazama juu ya mabega, kwa hiyo sijihesabu. Tatizo ni Kapteni. Ameleta orodha yake kwa mwandiko wake. Ina watoto ishirini na wanne, kisha chini kabisa: "25. Fuko." Nikamweleza habari ya ukingo. Akaniambia, "Imejaa mpaka ukingoni maana yake haijamwagika." Nikamwambia ni hatari. Akaniambia yeye ndiye Kapteni.

Amekuwekea kiti uwanjani, karibu na chemchemi. Njoo, Mjomba. Ukiona inataka kumwagika, utatoka.

Mpwa wako


Alhamisi, 20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie Kapteni nimepokea mwaliko na kwamba nitakuwepo.

Fuko


Jumamosi, 22 Machi, saa kumi na mbili jioni

Mpwa wangu,

Nakuandikia hata kompyuta haijapoa.

Sikuingia. Nilisema nitakuwepo, na nilikuwepo, ila huku nje. Saa nane na nusu nilimzuia kila mtu nyumbani asiguse intaneti. Mkaza mjomba wako alizima simu yake mwenyewe, akakaa na mimi. Mimi sikuuona mji wenu, maana hata kile kidirisha cha kutazamia nilikifunga kisile nguvu. Niliona namba tu kwenye kona ya skrini, na ile mita ya bomba. Saa tisa kamili: nne. Tisa. Kumi na tano. Ilipofika ishirini mkaza mjomba wako alinishika mkono. Ishirini na tatu ikakaa dakika nzima, ikakaa, nikasema bila sauti, nani huyo, nani hajaingia. Kisha ishirini na nne.

Nilikuwa nimeandaa jina langu. Ilibaki kubonyeza tu. Mimi nimo ndani ya nyumba, lakini kila nikiinua mkono habari zangu zingetoka nje kwa wote ishirini na wanne. Nikatazama mita, upenyo ulikuwa kama unene wa ukucha, na humo ndani kuna mtoto aliyewahi kuuliza kama amefutwa. Nikauondoa mkono wangu.

Dakika arobaini na saba. Hakutupwa mtu. Sasa niambie, walifanya nini humo?

Mjomba wako


Jumapili, 23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Aliyechelewa alikuwa Kijiko. Alirudishwa kutoka kwenye vipimo saa tisa na dakika nne, akapanda kitandani na viatu. Alipoingia akaandika, "Nipo." Wote wakaandika "upo", ishirini na tatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka skrini ikajaa.

Halafu walisimama uwanjani, na Kapteni akasoma majina. Kila aliyeitwa aliruka. Nilibana pumzi kila waliporuka, nikiwaza habari zako mia tano na kitu. Wakapiga picha. Wakakimbia kwenye barabara zote mara moja, wakagonga ukuta wako wa kioo, wakacheka, wakarudi. Mama mmoja kule kwake aliniandikia kwamba hajamsikia mwanawe akicheka hivyo tangu atoke hapa.

Lakini Kapteni alisoma na namba ishirini na tano. Akaita mara mbili. Kiti kilikuwa kitupu na chemchemi imezimwa. Nimemweleza ulikuwa wapi na kwa nini. Alinisikiliza, akasema ana kazi ya kufunga mizigo yake.

Uliahidi, Mjomba. Najua kwa nini, na ningefanya hivyo hivyo. Ila uliahidi.

Kesho anaingia chumbani.

Mpwa wako


Jumatatu, 31 Machi

Kwa Fuko,

Shikamoo. Mwalimu amenipa anwani yako. Naandika kwa tabuleti yangu, imefutwa kwa dawa na imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa hiyo nikikosea herufi ni mfuko.

Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nikafanya hesabu yako kwa watu ishirini na tano, nikapata mia sita. Kwa ishirini na wanne nikapata mia tano hamsini na mbili. Nikaona kwamba hukudanganya. Ila ungeniambia mimi, mimi ndiye Kapteni, ningekupa ruhusa ya kubaki nje.

Hapa niko peke yangu. Kuna dirisha, naona paa la jengo jingine. Wenzangu wanacheza saa tisa lakini saa tisa mimi huwa nalala kwa sababu ya dawa. Naamka saa nne asubuhi najisikia vizuri mpaka saa tano. Wakati huo wote wako darasani na mji hauna mtu.

Nina maswali matatu. Kwanza, maji ya moto nyumbani kwangu yanatoka kijani, kwa nini? Pili, ile saa ya mnara ungeweza kuitengeneza? Mwalimu amesema nikuulize mwenyewe, na yeye atakuwepo. Tatu, watu wakiwa wawili tu, seva inabeba?

Kapteni


Jumanne, 1 Aprili

Kapteni,

Marahaba, na samahani. Nilipaswa kuomba ruhusa kwa mkubwa wangu wa kazi.

Kuhusu maji ya kijani, nimepitisha bomba chini ya bustani ya Kijiko. Kosa langu, nitalihamisha. Saa ya mnara sijui kutengeneza, lakini nikiongozwa na mtu aliyechora ramani tutaifungua tuone. Nina spana, na sina aibu ya kuuliza.

Swali la tatu nimelipima leo asubuhi, Mwalimu akiwepo, nikimtumia mkaza mjomba wa Mwalimu wako, yeye akiwa kwa dada yake na mimi sebuleni. Watu wawili wana habari mbili tu. Moja yako ije kwangu, moja yangu iende kwako. Mita hata haikuinuka. Pamebaki nafasi tele, kwa hiyo nimefanya jambo moja bila ruhusa, utaniadhibu ukifika.

Kesho saa nne kamili nitakuwa kwenye kile kiti chako. Utanitambua. Ni yule aliyelowa, maana chemchemi nimeifungua.

Fuko